Alikamatwa, Kesi Ikafutwa, Kadi ya Bandari Ikakwama: Kisa cha Dereva wa Makontena

Kisa hiki kilitokea Marekani, kwa dereva mmoja anayezungumza Kiswahili. Jina lake, jimbo, bandari, mwajiri na tarehe nimeviondoa, na mambo machache ya pembeni nimeyabadilisha ili asitambulike. Mfuatano wa barua, muda wa kujibu na hoja za kisheria nimeuacha kama ulivyokuwa, maana humo ndimo lilimo funzo. Ninawaandikia wale wanaowasaidia ndugu zetu na makaratasi: viongozi wa jumuiya, wachungaji, vijana wanaojua Kiingereza ambao kila jioni wanaletewa bahasha za wazee wazifungue. Namwandikia pia dereva, mpakia mizigo na baharia mwenyewe.

Kadi na sheria yake

Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Bunge la Marekani lilipitisha mwaka 2002 sheria ya usalama wa usafiri wa majini. Ndiyo iliyozaa kadi ya utambulisho wa wafanyakazi wa usafiri, ambayo kila mtu bandarini huiita TWIC. Uandikishaji ulianza Oktoba 2007 katika bandari ya Wilmington, Delaware, na kufikia Aprili 2009 kadi ilikuwa lazima nchi nzima. Asiye nayo haruhusiwi kutembea peke yake katika maeneo yaliyolindwa ya bandari na meli. Lazima asindikizwe na mwenye kadi. Sharti hili linamgusa dereva wa lori, mpakia mizigo, fundi wa kreni, mlinzi, hata baharia anayetafuta hati yake ya ubaharia wa Marekani.

Kazi imegawanywa kwa taasisi mbili. TSA, wakala wa usalama wa usafiri, ndiyo inayomchunguza mtu na kutoa kadi. Walinzi wa Pwani ndio wanaosimamia utekelezaji wake bandarini na melini. Mwombaji huenda kituo cha uandikishaji na hati zake, hupigwa picha, huchukuliwa alama za vidole vyote kumi na kulipa ada ya takriban dola 125 ambayo hairudishwi. Kadi hudumu miaka 5. Vidole hupelekwa FBI, na taarifa zake nyingine hulinganishwa na orodha za ugaidi na kumbukumbu za uhamiaji. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi na mtu aliyepewa hifadhi wote wanastahili kuomba, hata kabla hawajapata kadi ya ukaazi wa kudumu. Nimekutana na watu waliokaa pembeni muda mrefu kwa kutolijua hilo.

Makosa yanayomzuia mtu yako katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la kudumu: uhaini, ujasusi, ugaidi, mauaji, baruti na mengine ya uzito huo. Fungu la pili lina ukomo. Humo mna silaha kinyume cha sheria, uuzaji wa dawa za kulevya, rushwa, magendo, ulaghai, uporaji, uchomaji wa mali na mengineyo, na mtu huzuiwa akiwa alitiwa hatiani ndani ya miaka 7 kabla ya kuomba au alitoka gerezani ndani ya miaka 5. Kukutwa na dawa za kulevya za matumizi yako tu hakumo. Hundi isiyo na fedha haimo.

Halafu kipo kifungu kifupi ambacho watu wengi hawakisomi. Ikiwa alama za vidole zinaonyesha kwamba mwombaji aliwahi *kukamatwa* kwa kosa lililo kwenye orodha, na matokeo ya kesi hayaonekani, ni mwombaji anayepewa siku 60 alete ushahidi wa maandishi kwamba hakutiwa hatiani. Asipouleta, anahesabiwa amekosa sifa. Serikali haiendi mahakamani kumtafutia. Bwana M. alikwama hapo.

Mhusika

Bwana M. ni Mkongo wa Kivu Kusini. Aliishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kabla ya kuhamishiwa Marekani na mke wake na watoto. Alianza kazi katika kiwanda cha kuku, zamu ya usiku, huku akijifunza udereva. Alipopata leseni ya malori makubwa aliajiriwa na kampuni ndogo ya kuvuta makontena. Malipo ni kwa safari, na safari zenye fedha nzuri ni zile za kuingia bandarini. Mwajiri alimpa kazi kwa sharti la kupata TWIC.

Mambo mawili katika karatasi zake yalikuja kuwa na uzito. Ana majina matatu, kama Wakongo wengi, na kila ofisi iliyapanga ilivyotaka: kwenye hati za ukimbizi jina la Kikristo liko mwisho, kwenye leseni liko mwanzo, na kuna mahali majina mawili yameunganishwa kuwa moja. Tarehe yake ya kuzaliwa ni Januari 1, kama ilivyo kwa maelfu ya watu walioandikishwa makambini kwa mwaka tu.

La tatu ni tukio lenyewe. Miaka mitatu kabla ya kuomba kadi, alikuwa abiria kwenye gari la mfanyakazi mwenzake wakitoka kazini. Polisi wakawasimamisha, wakakuta bastola chini ya kiti, wakawakamata wote wanne kwa kumiliki silaha kinyume cha sheria. Vidole vikachukuliwa. Baadaye mwenye bastola alikiri, na mashtaka dhidi ya wale wengine yakafutwa kabla ya kusikilizwa. Wakili aliyepewa na mahakama alimwambia kupitia mkalimani wa simu kwamba kesi imekwisha, arudi nyumbani. Hakupewa karatasi yoyote, wala hakujua kwamba ni ya kuombwa. Mtu aliyetoka ndani na kuambiwa yuko huru hafikirii karatasi, anafikiria kuwahi zamu asifukuzwe kazi.

Mambo yalivyokwenda

Katika kujaza ombi, kijana aliyemsaidia alitaka kujibu "ndiyo" kwenye swali la makosa ya jinai, akidhani ni salama zaidi kukiri kila kitu. Bwana M. alikataa, na alikuwa sahihi. Swali linauliza kama umetiwa hatiani kwa kosa la orodha, au kama una hati ya kukamatwa au mashtaka yanayoendelea. Halikuuliza kama umewahi kufungwa pingu. Angejibu "ndiyo" angejiandikia hatia ambayo mahakama haikumpa.

Kati ya kuomba na kujibiwa, familia ilihama nyumba. Hakuna aliyeijulisha TSA anwani mpya. Barua ilikwenda kwenye fleti ya zamani, na jirani akaileta kanisani zilipobaki takriban wiki sita tu za kujibu. Binti yake wa sekondari aliisoma, akaona neno la kutostahili, akamwambia baba yake kwamba amenyimwa. Barua ikawekwa juu ya friji.

Hapo ushauri ukaanza kumiminika. Dereva mwenzake alimwambia aiache, aombe upya baada ya miezi michache, huenda wakasahau. Mzee mmoja anayemheshimu alimwonya asijibu kabisa: ukiwaandikia watu wa usalama, watalifungua faili lako la ukimbizi na utarudishwa Kongo. Wakala mmoja wa huduma za karatasi alimtaka dola 900 ili "kuifuta rekodi", na Bwana M. alikuwa ameshaanza kukopa.

Mke wake ndiye aliyeileta barua kwetu. Tuliisoma yote, pamoja na viambatanisho. Ilikuwa ni uamuzi wa *awali*. Haikusema ana hatia. Ilisema kuna kukamatwa kwa kosa la silaha, matokeo hayajulikani, na ikaeleza njia zilizopo: kukata rufaa, kuomba msamaha maalumu, kuomba nyaraka zilizotumika, au kuomba kuongezewa muda. Asiponyanyua kalamu, uamuzi wa awali ungegeuka wa mwisho.

Siku hiyohiyo ikaandikwa barua fupi kwenda TSA: anaomba nyaraka zilizotumika katika uamuzi, na anaomba muda uongezwe kwa kuwa barua ilichelewa kumfikia. Sambamba na hiyo, aliomba FBI muhtasari wa kumbukumbu zake mwenyewe, huduma ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuipata kwa dola 18.

Kisha akaenda kwa karani wa mahakama ya kaunti alikokamatwa. Karani akaandika jina kama lilivyo kwenye leseni, akatazama skrini, akasema hakuna kitu. Akajaribu na tarehe ya kuzaliwa. Hakuna. Akajitolea kumwandikia barua ya kuthibitisha kwamba hakuna kesi ya mtu mwenye jina hilo. Bwana M. alitoka amefurahi sana, akapiga simu akisema mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Muhtasari wa FBI ulipofika ulikuwa na ukurasa mmoja wenye maana: tarehe ya kukamatwa, kituo kilichomkamata, namba ya jalada la kituo, shtaka, na baada ya hapo nafasi tupu pale matokeo ya kesi yanapotakiwa kuandikwa. Jina lililokuwa juu yake halikulingana na lile la leseni. Jina la ukoo lilikuwa limekatwa herufi mbili za mwisho, na lile la Kikristo limewekwa mahali pa ukoo. Aliporudi kwa karani na namba ya jalada badala ya jina, kesi ilipatikana ndani ya dakika chache. Imefutwa, kwa ombi la mwendesha mashtaka mwenyewe. Akaomba nakala tatu zilizothibitishwa, zile zenye muhuri wa kugandamiza ambao ukipitisha kidole unausikia kwenye karatasi.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi mzito kuliko yote ulikuwa kati ya rufaa na msamaha maalumu. Msamaha unavutia, kwa kuwa fomu yake inamwalika mtu aeleze maisha yake, alete barua za mchungaji na mwajiri, aonyeshe amebadilika. Wengi waliokuwa karibu na Bwana M. walikuwa wameshaanza kukusanya barua za kumsifu. Lakini msamaha unatangulia kukubali kwamba kosa lilitendeka na hatia ipo. Unachoomba ni kuonewa huruma na kuaminiwa. Rufaa inasema kitu kingine kabisa: kumbukumbu mliyonayo si sahihi au haijakamilika, na ushahidi huu hapa. Kwa mtu ambaye kesi yake ilifutwa, njia ni rufaa. Wakili wa msaada wa kisheria aliyeipitia barua kabla haijatumwa alikata sentensi zote za kuomba radhi, zikabaki aya mbili na kiambatanisho.

Kuomba nyaraka mapema kulikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni kujua hasa TSA imeona nini, badala ya kubahatisha. Ya pili ni muda: kanuni zinampa aliyeomba nyaraka siku 60 za kujibu zikihesabiwa tangu nyaraka hizo zitolewe. Kwa mtu ambaye barua ilikaa kwa jirani kisha juu ya friji, hilo liliokoa kisa.

Suala la kuifuta rekodi lilijadiliwa sana nyumbani kwake, kwa sababu dola 900 zilikuwa karibu kutolewa. Sheria za jimbo lile zinaruhusu kesi ya namna hii kufutwa kwenye kumbukumbu, na ni haki yake. Shida ni mpangilio. Amri ya kufuta ikishatoka, ofisi za jimbo huharibu au hufunga majalada, na karani hana tena cha kuthibitisha. Wakati huohuo taarifa ya kukamatwa inaweza kuendelea kukaa kwenye hifadhi za serikali kuu. Mtu anabaki na tuhuma inayoonekana na utetezi usiopatikana. Kwa asiye raia ni hatari zaidi, kwa sababu siku akiomba uraia ataulizwa kuhusu kila kukamatwa, hata kwa kesi iliyofutwa, na atatakiwa kuleta nakala ya mahakama iliyothibitishwa. Kwa hiyo nakala kwanza. Kufuta kutafuata, kwa wakili anayejua uhamiaji.

Ile barua ya "hakuna kesi" haikutumwa. Ilikuwa kweli kwa jina lililoulizwa, lakini haikujibu tukio ambalo FBI ilikuwa nalo kwa tarehe na namba. Kuituma peke yake kungeonekana kama kukwepa.

Mwisho, Bwana M. alishauriwa amweleze mwajiri. Aliogopa. Alikubali baada ya kuonyeshwa kwamba barua yenyewe inasema ni uamuzi wa awali, na kwamba mwajiri akisikia habari hiyo kwa mtu mwingine itakuwa mbaya zaidi.

Matokeo

Rufaa ilikwenda na nakala ya mahakama, ukurasa wa FBI, na maelezo mafupi ya jinsi majina yalivyopishana, yakiambatana na hati mbili zenye mpangilio tofauti wa majina. TSA ilijibu kwamba anastahili, na kadi ikatoka. Tangu kupeleka ombi hadi kushika kadi ilipita takriban miezi minne.

Miezi hiyo iligharimu. Mwajiri alimbakiza kazini kwa safari za bara, maghala na vituo visivyodai kadi, ambazo malipo yake ni ya chini. Mke wake aliongeza zamu. Mkopo aliouanza kwa ajili ya wakala alirudisha kabla haujatumika, na matumizi halisi ya kutatua kisa, ukiacha ada ya kadi yenyewe, hayakufika dola 100.

Uchambuzi

Kilichosaidia zaidi ni kusoma barua mpaka mwisho. Nalisema bila kumlaumu binti, ambaye alisoma kwa uaminifu akiwa na umri wa kwenda shule. Barua za aina hii huanza na uamuzi na kuweka haki zako katika kurasa za nyuma, na mtu mwenye hofu huishia ukurasa wa kwanza. Jumuiya zetu zinawatwika watoto tafsiri ya mambo ambayo hata mtu mzima mwenye elimu angehitaji kuyasoma mara mbili. Tunaweza kupanga watu wazima wawili watatu kwa kila kanisa na kila msikiti kwa kazi hiyo.

La pili ni kutofautisha njia mbili za utambuzi. Alama za vidole hazijali majina yameandikwaje, ndiyo maana FBI ilimwona mara moja. Mahakama inatafuta kwa jina, ndiyo maana haikumwona. Kwa watu wetu wenye majina yaliyopangwa upya na kila ofisi, na siku ya kuzaliwa inayofanana na ya majirani zao wote, kutafuta kwa jina ni kupoteza muda. Anza na namba. Muhtasari wa FBI ungepaswa kuombwa hata kabla ya kulipia kadi, na mtu yeyote aliyewahi kuchukuliwa vidole na polisi afanye hivyo.

Kwamba nafasi ya matokeo ilikuwa tupu si ajabu. Ripoti ya Mwanasheria Mkuu wa Marekani ya mwaka 2006 ilikiri kwamba takriban nusu tu ya kumbukumbu za kukamatwa katika hifadhi ya taifa ndizo zenye matokeo ya kesi. Polisi hutuma vidole siku ya kukamata; taarifa ya kufutwa kwa kesi inategemea ofisi nyingine iikumbuke baadaye. Mfumo unaojua hivyo, kisha ukampa mfanyakazi siku 60 azibe pengo ambalo hakulitengeneza, unamwonea asiye na lugha wala wakili. Kulinda bandari ni jambo la lazima, sina ubishi nalo. Lakini ulinzi haupungui hata chembe kama ofisi yenye uwezo wa kuiuliza mahakama ingeuliza yenyewe kwanza.

Kilichoharibika kilianzia mbali, kwenye korido ya mahakama miaka mitatu nyuma. Karatasi moja ya kufutwa kwa kesi ingezuia sehemu kubwa ya haya. Mawakili wanaopewa majalada mengi hawana muda wa kukumbusha, kwa hiyo mtu anayemsindikiza ndugu mahakamani ndiye akumbuke: hamtoki kwenye jengo bila kupita kwa karani. Kuhama bila kutoa anwani mpya nako kuliigharimu familia wiki kadhaa za thamani.

Ule ushauri wa kunyamaza ulitoka kwa watu wanaompenda, na una historia yake. Aliyekimbia vita na kupita kwenye vizuizi vya wenye silaha amejifunza kwamba jina lako likitajwa ofisini, umekwisha. Kumwambia tu "usiogope" hakumtoshi. Kilichombadilisha Bwana M. ni kuonyeshwa kwa kidole mstari unaosema mkimbizi anastahili kadi, na mstari unaosema asiyejibu ndiye anayepoteza.

Jambo moja bado halijakamilika. TSA kumpa kadi hakukurekebisha kumbukumbu ya FBI. Nafasi ile inaweza kubaki tupu, na baada ya miaka 5, wakati wa kuomba upya, maswali yaleyale yakarudi. Nakala ya pili ya mahakama imepelekwa kwenye ofisi ya jimbo inayotunza kumbukumbu za jinai, pamoja na ombi la kuingiza matokeo ya kesi na kuyafikisha FBI. Ataomba muhtasari mpya kwa dola nyingine 18 ili ahakikishe. Nakala ya tatu anaitunza kwa ajili ya ombi lake la uraia.